Je, Wajua? Lua, Lugha Ndogo Iliyopachikwa Ndani ya Wikipedia

Ufunguapo makala ya Wikipedia, jedwali la pembeni na orodha ya marejeo mara nyingi huandaliwa na vijiprogramu vya lugha ya Lua. Huitwa moduli, na waandishi wake wengi ni wahariri wa kujitolea.

Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil. Waasisi wake, Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, waliibuni kwa ajili ya miradi ya kampuni ya mafuta ya Petrobras. Tangu mwanzo ilikusudiwa kupachikwa ndani ya programu nyingine, ndiyo maana ni nyepesi: pamoja na maktaba zake za kawaida, haifiki hata megabaiti moja.

Wikipedia iliipokea mwaka 2013. Kabla ya hapo wahariri walirundika masharti ndani ya violezo, yaani vipande vya maandishi vinavyoitwa ndani ya makala nyingi, na makala yenye mamia ya marejeo iliishughulisha seva kwa sekunde nyingi.

Hata hivyo, wepesi wa lugha peke yake haufui dafu mbele ya mamilioni ya wasomaji; mambo matatu husaidia. Kwanza, Lua huendeshwa ndani ya programu ileile ya lugha ya PHP inayotengeneza ukurasa, hivyo seva haianzishi programu mpya kila moduli inapoitwa. Pili, ina mipaka: moduli zote za ukurasa mmoja hugawana sekunde 10 za prosesa. Zikizidisha, hukatizwa, msomaji huona ujumbe mwekundu wa kosa, lakini seva haikwami. Tena, moduli hairuhusiwi kugusa mafaili ya seva wala kuchota kitu kutoka intaneti.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ukurasa ukishatengenezwa nakala yake huhifadhiwa. Wanaofuata hupewa nakala hiyo, na kwa kawaida Lua haiitwi tena mpaka makala, kiolezo au moduli ibadilishwe, au nakala ipitwe na muda wake.

Ukitaka kujionea, bofya kuhariri chanzo cha makala yoyote inayotumia moduli, kisha tazama hakikisho bila kuhifadhi. Chini ya ukurasa utakuta taarifa ya muda na kumbukumbu ambayo Lua imetumia kukuandalia makala hiyo.