Kidole Gumba cha Mguu

Mtu avaapo makubadhi yake asubuhi, aghalabu hafikiri kwamba ule ukanda upitao baina ya kidole gumba na jirani yake hupita katika mwanya wenye historia ndefu kuliko kiatu chochote. Kwani kidole hicho, ambacho wengi hukikumbuka siku ya kujikwaa tu, kimechangia pakubwa kutupa mwendo wetu wa wima.

Tukichungua umbile lake, tunaona kwamba kina mifupa miwili, ilhali wenzake aghalabu wana mitatu mitatu. Lakini mifupa hiyo ni minene, nayo imeegemea mfupa wa wayo uliowashinda wenzake wote kwa unene, na chini ya kichwa cha mfupa huo mna vijifupa viwili mfano wa kunde, vilivyofumbatwa ndani ya ukano, ambavyo hupokea uzito wa mwili na kuuwezesha ukano kuvuta kwa nguvu zaidi.

Kwa sokwe kidole hiki kimetengana na wenzake, kikaelekea upande kama gumba la mkono, ili kishike tawi. Kwa kuku ndicho kile kielekeacho nyuma, ambacho hukikumbatia kijiti alalapo. Ama farasi na punda hawanacho tena, maadamu husimama juu ya ncha ya kidole kimoja cha kati.

Kazi yake kwa binadamu ni kusukuma. Atakaye kuhakikisha na asimame pekupeku sakafuni, kisha mwenzake akiinue polepole kidole gumba chake: ataona tao la wayo likipanda lenyewe. Sababu yake, kama alivyoieleza tabibu Hicks wa Uingereza mwaka 1954, ni kwamba chini ya wayo pana utando mgumu utokao kisiginoni hadi mashina ya vidole, nao, kidole kipindapo juu, huzungushwa kwenye kichwa cha mfupa kama kamba ya jahazi kwenye roda, ukakazika, na mguu uliokuwa laini ukawa mgumu mfano wa mtaimbo. Hayo hutukia katika kila hatua, kisigino kinapoinuka.

Ushahidi wa kale wa mguu wa namna hii umo katika ardhi ya Tanzania. Huko Laetoli, kusini ya Olduvai, mwaka 1978 wenzake mwanaakiolojia Mary Leakey walifukua nyayo za viumbe waliopita juu ya majivu mabichi ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, na katika nyayo zile kidole gumba kimelala karibu sambamba na wenzake, hakikutanuka kama cha sokwe. Ubongo wa viumbe wa zama zile haukuuzidi sana wa sokwe. Basi mguu ulitangulia, na ukubwa wa ubongo ukafuata.

Kwa hiyo nasihi yangu ni hii: kiatu chenye pua nyembamba hukisonga kidole hiki kwa jirani yake, na huweza kukizidishia kiungo chake nundu yenye maumivu, maradhi ya jongo nayo mara nyingi huanzia hapo hapo, na mwenye kisukari, ambaye pengine hahisi hata mwiba, na akikague kila jioni. Kiungo kilichoacha kushika matawi ili kitusukume mbele hakiombi malipo makubwa, ila nafasi ya kunyooka.