UFAFANUZI KWA UMMA: SHAKA YA KIPIMO KATIKA KUPIMA SUMU YA UDONGO

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaarifiwa kwamba jibu la maabara kuhusu sumu katika udongo halikamiliki kwa nambari moja. Kila kipimo kina shaka yake. Anayeamua bila ya kuitazama shaka hiyo anaweza kulifunga shamba salama, au kuruhusu mchicha uoteshwe penye sumu.

Sumu zinazokusudiwa ni kama DDT, ambayo hunata katika udongo kwa miaka mingi. Katika shamba la Vikuge, Kibaha, dawa za kuulia wadudu zilizofika mwaka 1986 ziliwekwa katika banda ambalo baadaye lilibomoka, na DDT ikaingia ardhini. Mahali kama hapo sumu haienei sawasawa: hatua moja ni nyingi mno, hatua ya pili ni kidogo.

Tuchukue mfano. Kikomo ni miligramu 1.0 kwa kilo ya udongo, na maabara imejibu 0.75. Mtu atasema shamba ni salama. Lakini ikiwa shaka ya kuchukua udongo ni asilimia 40 na ya maabara ni asilimia 20, shaka hizo hazijumlishwi kama fedha. Hujumlishwa miraba yake, kisha hutafutwa kipeuo cha pili, nayo ni takriban asilimia 45. Basi ukweli unaweza kuwa popote baina ya 0.41 na 1.09, na kikomo kimo ndani yake.

Tukinunua mashine bora na kuipunguza shaka ya maabara hadi asilimia 10, jumla itabaki asilimia 41. Lakini tukichanganya udongo wa sehemu nne badala ya moja, shaka ya shambani hushuka hadi kiasi cha asilimia 20, na jumla ikawa 28. Jibu lile lile la 0.75 sasa limo baina ya 0.54 na 0.96, na uamuzi unaweza kutolewa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hiyo yanahimizwa yafuatayo:

(a) Udongo usichukuliwe katika shimo moja. Uchukuliwe sehemu nyingi za shamba, kwa kina kimoja, na uchanganywe vyema.

(b) Panaposhukiwa mafuta ya petroli, udongo usichanganywe, kwani sumu yake huruka hewani. Utiwe mara moja katika chupa ya kioo iliyofungwa barabara na kuwekwa penye baridi.

(c) Katika baadhi ya sehemu zichukuliwe sampuli mbili mbili, na kila moja ipimwe mara mbili, ili shaka ya shambani ijulikane mbali na ya maabara.

(d) Afisa anayepokea jibu lisilotaja shaka yake alirejeshe na kuiulizia kabla ya kutoa amri.

Mwananchi ambaye shamba lake limepimwa naye anayo haki ya kuuliza: udongo ulichukuliwa sehemu ngapi, na shaka yake ni kiasi gani?