Fleti za Sydney: Madaftari ya jengo husema yasiyoonekana ukutani

Katika jiji la Sydney, Jumamosi ndiyo siku ya minada ya nyumba, na nyundo ikishagongwa mnunuzi hana njia ya kurudi nyuma. Kwa ununuzi wa kawaida, sheria za jimbo la New South Wales humpa siku tano za kazi za kujifikiria, na akijitoa hupoteza asilimia 0.25 ya bei. Kwenye mnada muda huo haupo. Ndiyo maana katikati ya wiki kuna kundi la wataalamu ambalo huwa halipumui: wakaguzi wa kumbukumbu za majengo ya fleti.

Kazi yao inatokana na mfumo wa umiliki uitwao strata, ulioanzishwa na sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1961. Mtu hununua fleti kwa hati yake mwenyewe, na papo hapo anakuwa mwanachama wa jumuiya ya wamiliki inayosimamia paa, kuta za nje, lifti, ngazi na mabomba. Uanachama huo si wa hiari. Singapore ilifuata mkondo huo mwaka 1967. Kenya nayo ilitunga sheria ya kumiliki sehemu ya jengo mwaka 1987 na kuiandika upya mwaka 2020, na Tanzania ilipata ya kwake mwaka 2008, hivyo habari hizi si ngeni kabisa kwa mtu anayetafuta fleti Kilimani au Upanga.

Kila mmiliki huchangia kulingana na hisa za fleti yake. Michango huingia katika mifuko miwili: mmoja wa matumizi ya kila siku kama vile bima, usafi na umeme wa ngazi, na mwingine wa kazi kubwa kama kubadilisha lifti au kuezeka upya. Fedha zikipungua, mkutano wa wamiliki hupitisha mchango maalumu, na wote hulipa, aliyepiga kura ya ndiyo na aliyekataa. Jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba deni la michango halibaki na muuzaji peke yake. Mmiliki mpya naye anaweza kudaiwa.

Ichukuliwe mfano wa jengo lenye fleti 40 za hisa sawa. Mfuko wa kazi kubwa una dola 60,000, na mafundi wamekadiria kuwa paa na lifti zitagharimu dola 500,000. Pengo ni dola 440,000, yaani dola 11,000 kwa kila fleti. Tangazo la dalali litataja jiko jipya na mandhari ya bahari. Hesabu hii haitakuwamo.

Mkaguzi huanza na mpango wa miaka 10 wa kazi kubwa. Sheria ya mwaka 2015 inaitaka kila jumuiya iwe nao na kuupitia angalau kila baada ya miaka mitano. Huulinganisha na salio lililomo kwenye mfuko. Mpango mzuri wenye mfuko mtupu ni karatasi tu. Kisha huangalia bima: thamani ya jengo ilikadiriwa lini, madai mangapi yamelipwa, na kama kampuni ya bima imepandisha kiasi ambacho wamiliki hujilipia wenyewe. Kupanda kwa kiasi hicho kwa sababu ya maji ni dalili ya mabomba yaliyochoka.

Hata hivyo, uhondo wenyewe uko kwenye mihtasari ya vikao. Sheria hutaka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka saba, na mkaguzi hodari husoma yote, si mkutano mkuu wa mwisho pekee. Malalamiko ya kuvuja kwenye roshani za ghorofa ya nne yakijitokeza mwaka baada ya mwaka, kila mara yakifuatwa na malipo madogo kwa fundi, maana yake ni kwamba chanzo hakijaguswa. Ada za mawakili zikionekana kwenye hesabu, huenda kuna kesi dhidi ya mjenzi. Mihtasari mifupi mno nayo hutia shaka, kwa kuwa zipo kamati zisizopenda kuandika ubovu wa jengo zikihofia bei kushuka.

Soko lilipata somo gumu mwishoni mwa mwaka 2018. Mkesha wa Krismasi wakazi wa Opal Tower, jengo la ghorofa 36 lililokamilika mwaka huohuo, waliondolewa baada ya nyufa kuonekana kwenye zege. Juni 2019 ikafuata Mascot Towers, lenye umri wa takriban miaka 10. Wamiliki wake walihamishwa, wakapitishiwa michango maalumu, na waliokuwa na mikopo ya benki waliendelea kulipia fleti wasizoweza kulala. Katika jimbo hilo dhamana ya kisheria kwa kasoro kubwa ni miaka sita, na miwili kwa kasoro nyingine. Tena, tangu mwisho wa mwaka 2003 majengo mapya ya zaidi ya ghorofa tatu hayakulazimika kuwa na ile bima ya ujenzi inayolinda nyumba ndogo. Kwa hiyo tarehe ya jengo kukamilika ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo mkaguzi huandika.

Mabamba ya kufunika kuta yanayoshika moto yameongeza kazi tangu moto wa Grenfell, London, ulioua watu 72 mwaka 2017. Mkaguzi hutafuta barua za halmashauri na amri za zimamoto, maana amri ya kubandua mabamba hayo ni gharama ya wamiliki wote.

Ukaguzi huu una mipaka. Mkaguzi husoma karatasi. Hapandi juu ya paa wala hagongi ukuta, na jengo ambalo halijawahi kumwita mhandisi laweza kuwa na faili safi. Zipo pia ripoti zilizoagizwa na upande wa muuzaji na kuuzwa kwa bei nafuu kwa wanunuzi kadhaa. Zinaweza kuwa sahihi, lakini aliyeziagiza anataka fleti iuzwe. Nyingine ni rundo la nakala bila maelezo, na mnunuzi huachwa asome kurasa 200 usiku wa Ijumaa.

Ili kuyaona madaftari, mkaguzi huhitaji idhini ya maandishi ya mmiliki, ambayo kwa kawaida hupatikana kupitia wakili wa muuzaji. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka ada ya dola 31 kwa saa ya kwanza na dola 16 kwa kila nusu saa inayofuata, mbali na malipo ya mkaguzi mwenyewe, ambayo kwa kawaida ni dola mia chache. Ombi hupelekwa mapema katika wiki, kwa kuwa ofisi za mameneja hupanga miadi, na anayesubiri hadi Alhamisi huenda akakosa nafasi kabla ya mnada.