Fahamu: Kiwanja chako kikiangukia ukanda wa moto California

Mapema mwaka 2025, baada ya moto wa Palisades na Eaton kuteketeza majengo zaidi ya 16,000 Los Angeles, idara ya zimamoto ya California, Cal Fire, ilitoa ramani mpya zenye madaraja matatu ya hatari: wastani, juu, na juu sana. Halmashauri zaweza kupandisha daraja la eneo, si kulishusha.

Anayejenga kwenye daraja la juu sana hutakiwa kuweka paa linalostahimili moto na wavu mwembamba kwenye matundu ya hewa. Sababu ni cheche: upepo huzirusha mbali, zikapenya darini kabla moto wenyewe haujafika. Majani makavu nayo huondolewa hadi mita 30 kuzunguka nyumba. Muuzaji naye lazima amweleze mnunuzi kuhusu ukanda huo wa moto, kwani mnunuzi ana haki ya kujua.