Bilal bin Al-Harith: Swahaba Aliyekabidhiwa Machimbo

Miongoni mwa Maswahaba, yaani Waislamu waliokutana na Mtume Muhammad (S.A.W.) wakamwamini, yumo Bilal bin Al-Harith Al-Muzani, mpiganaji wa kabila la Muzayna ambaye hafai kuchanganywa na Bilal bin Rabah, mwadhini mashuhuri. Alifika Madina mwaka wa 5 Hijria pamoja na ujumbe wa kabila lake, na Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria, sawa na 630, alikuwa mmoja wa walioshika bendera za Muzayna.

Kwa Waislamu wa Geita, Kahama na Shinyanga, ambako riziki ya watu wengi hutoka maduarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji wa madini, maisha yake yana funzo la pekee, kwa kuwa Mtume alimkabidhi machimbo ya Al-Qabaliyya, upande wa Al-Fur', kwa hati iliyoeleza kuwa hakupewa ndani yake haki ya Mwislamu mwingine yeyote. Imamu Malik amesimulia kwamba machimbo hayo hayakutozwa kitu isipokuwa zaka.

Bilal alikuwa pia amepewa ardhi ya Al-Aqiq, lakini Khalifa Umar bin Al-Khattab alipoona kuwa sehemu kubwa imekaa bure, alimtaka abaki na kiasi anachokiweza na kurudisha kilichosalia. Bilal alipokataa, Umar aliitwaa sehemu isiyotumika akawagawia Waislamu, kwa hoja kwamba ardhi hutolewa iendelezwe, wala si kuwazuia wengine.

Kuhusu zaka ya madini, madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Tanzania, huwajibisha asilimia 2.5 ya dhahabu iliyosafishwa, bila kungoja mwaka upite, ikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha mithqal 20, takriban gramu 85. Imamu Abu Hanifa alishika khumsi, yaani sehemu moja ya tano.

Bilal alifariki mwaka wa 60 Hijria, sawa na 680, akiwa na umri wa miaka 80. Basi kila Mwislamu mwenye leseni au duara na aitazame mali hiyo kuwa amana: asiichimbe juu ya haki ya jirani, asiihodhi bila kuifanyia kazi, na dhahabu itokapo mwaloni, yaani mahali inapochenjuliwa, atoe zaka yake kabla ya kuitumia.