Mafua Yanapopanda Jichoni

Wazazi wapendwa wa Ihanja na vijiji jirani, hatuandiki haya ili kuwatia hofu kwa habari ya mafua. Mtoto mdogo hupatwa na mafua hata mara 6 au 8 kwa mwaka, na karibu yote huisha yenyewe. Twataka kunena juu ya yale machache sana yasiyoisha, ambayo hupanda jichoni, au kipajini, au hata ubongoni.

Ndani ya mifupa ya uso mna mapango madogo yenye hewa, yafungukayo puani kwa vijitundu vyembamba. Yale ya katikati ya macho na ya mashavuni mtoto huzaliwa nayo, yangali madogo. Ya kipajini huja baadaye, naye huyapata vema apatapo umri wa kwenda shule. Mafua yakivimbisha vile vijitundu, ute hukwama, vijidudu huzaana, na usaha hujaa. Basi kati ya pango la kando ya pua na tundu la jicho pana mfupa mwembamba mno, hata waganga wa kale wakaupa jina la Kilatini litokanalo na mafunjo, yale majani ambayo Wamisri walifanyizia karatasi. Ukuta wa karatasi hauzuii usaha siku nyingi.

Kwetu mtoto akivimba jicho, neno la kwanza ni kwamba ameumwa na mdudu, au ni macho mekundu tu. Tazameni vema. Macho mekundu ya kawaida mara nyingi huwa yote mawili, yenye tongo, na mtoto hucheza. Jicho lililovimbishwa na mafua kwa kawaida ni moja, tena mtoto ana homa. Kope hufumba, na kama jicho limesukumwa mbele, au linauma likigeuzwa, au haoni sawasawa, usaha umekwisha kuingia nyuma yake. Huyo asingoje asubuhi.

Kipajini nako kuna namna yake. Wakubwa kidogo, wa miaka kumi na zaidi, hutokwa na uvimbe laini juu ya nyusi, ukibonyezwa huacha shimo kama unga uliokandwa. Wazazi hudhani ameanguka malishoni. Tusiwacheke, maana Percivall Pott, mpasuaji mashuhuri wa London, alipoueleza uvimbe huo mwaka 1760 naye aliufungamanisha na pigo la kichwa. Uvimbe huu ni ishara ya kwamba mfupa wenyewe umeoza, na nyuma ya mfupa huo ndipo ulipo ubongo. Kichwa kikimwuma sana, akitapika, shingo ikikakamaa, akisinzia pasipo sababu au akishikwa na degedege, hatari imefika.

Kabla ya penisilini, iliyovumbuliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, watoto wengi wenye usaha nyuma ya jicho walikufa au wakapofuka. Leo dawa ya mshipani hupona wengi, na wengine hupasuliwa usaha utoke. Lakini yapasa zianze mapema. Kwa sababu hiyo twasikitika kuona siku zikipotea kwa kumkata mtoto kimeo, desturi ambayo haijakoma mkoani Singida. Kimeo hakina shirika na usaha wa jicho, na kisu huleta kidonda kipya. Wala msimtie jichoni maji ya majani.

Mafua yakizidi siku 10 pasipo nafuu, au yakipungua kisha yakarudi na homa, mpelekeni kituo cha afya. Jicho au kipaji kikivimba, ombeni apelekwe hospitali ya mkoa Singida mjini siku ile ile. Ikihitajika picha ya ndani ya kichwa, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma inayo mitambo yake. Gharama ya safari ni mzigo, twajua, na mbuzi mmoja huenda akauzwa.

Chukueni na kadi ya kliniki. Chanjo ya Hib ilianza nchini mwaka 2009, na ile ya nimonia ikaenea tangu 2013, nazo hutolewa majuma 6, 10 na 14 baada ya kuzaliwa. Zote mbili hupinga vijidudu viletavyo usaha huu. Mganga atauliza kama alichanjwa, na mafua yalianza siku gani.