Dosari ya almasi ndiyo shahidi wake

Wauzaji wa vito hupenda kutuambia kwamba almasi bora ni ile isiyo na doa hata chembe. Kauli hiyo yapendeza masikioni, lakini ukiipima kwa mizani ya sayansi utaiona imepungukiwa. Mimi nashikilia kwamba dosari ndiyo shahidi wa asili ya almasi, na kwamba mnunuzi asiyelijua hilo ni rahisi kuhadaiwa.

Almasi ni kaboni iliyopangika kwa utaratibu madhubuti. Hata hivyo, nyingi zina mgeni ndani yake, naye ni naitrojeni, gesi ile ile iliyo takriban asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Atomi yake yakaribiana kwa ukubwa na ya kaboni, hivyo huweza kuketi mahali pake bila kuuvunja mpangilio. Tangu mwaka 1934 watafiti walijua kwamba almasi zina aina mbili. Mwaka 1959 Kaiser na Bond walidhihirisha kwamba kinachozitenga ni naitrojeni.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Almasi nyingi za asili ziliumbika kilomita 150 hivi au zaidi chini ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Katika joto la huko, atomi za naitrojeni zilizotawanyika mojamoja zilihama polepole, zikakutana mbili mbili, kisha nne nne zikaizingira nafasi tupu. Kazi hiyo huchukua mamilioni ya miaka, na alama yake imo katika zaidi ya almasi tisa kwa kila kumi za asili.

Mwanadamu hana subira hiyo. Mwaka 1955 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba imetengeneza almasi kwa shinikizo na joto kali. Naitrojeni inayoingia katika mawe ya namna hiyo aghalabu hubaki mojamoja na kuyatia rangi ya manjano. Ili kupata jiwe jeupe, watengenezaji huongeza metali kama titani, ambayo huinasa naitrojeni. Njia nyingine ni kulikuza jiwe tabaka juu ya tabaka kutokana na gesi ya methani, nalo huweza kutoka bila naitrojeni yoyote ya kutajika.

Basi tazama kinyume cha mambo: jiwe lililo safi kupita kiasi ndilo linalotiliwa shaka! Shaka si hukumu, kwani Cullinan, almasi ya karati 3,106 iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905, ni ya asili na karibu haina naitrojeni. Ndiyo maana maabara hazitosheki na kipimo kimoja. Huchunguza pia jinsi jiwe lilivyokua. Sonara hodari mwenye kioo cha kukuzia hawezi kuamua kwa yakini.

Wapo wanaoyaita mawe ya maabara "almasi bandia". Neno hilo silikubali. Bandia ni kioo kinachouzwa kwa jina la almasi. Jiwe la maabara ni kaboni ile ile, na ugumu wake ni ule ule. Mwaka 2018 hata tume ya biashara ya Marekani iliondoa neno "asilia" katika maelezo yake ya almasi. Uongo haumo katika jiwe. Umo katika kinywa cha muuzaji anayeficha lilikotoka.

Uongo huo una gharama. Jiwe la maabara huuzwa kwa bei ya chini mno kuliko la mgodini, kwa hiyo anayechanganya mawili hayo humwibia mnunuzi mchana peupe. Humwibia pia mchimbaji, na nchi kama Botswana ambayo kwa miongo mingi imejenga shule na barabara kwa fedha za almasi.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, ukijaliwa kununua pete ya harusi, usiulize tu kama jiwe linang'aa. Uliza lilizaliwa wapi, na udai cheti cha maabara inayoaminika. Ukichagua la maabara kwa hiari yako, hukukosea; ukiuziwa kwa bei ya mgodi, umeibiwa. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na swali lako, na anayechukizwa amekwisha kukujibu.